Siku za Kupona ni Haki, si Hisani



Wazee wetu, kina mama, na nyinyi vijana wenzangu wa Lucky Summer, Magharibi inakaribia, kwa hivyo sitawachosha.

Mwezi huu Allah (S.W.T.) amemruhusu mgonjwa afungue, alipe siku nyingine akipona. Ikiwa Mola mwenyewe amempa mgonjwa nafasi, sisi ni nani tumnyime?

Nasema hivi kwa sababu wengi wetu tunategemea vibarua vya viwandani, hapo Baba Dogo na Ruaraka. Tuseme mashine imemkata kijana kidole. Anafungwa bendeji, na kesho yake alfajiri yuko getini tena, kidonda bado kibichi. Ukimuuliza atakujibu, "Nisipoenda, nyumbani watafuturu nini?"

Ndugu zangu, Kenya tuna sheria ya mwaka 2007 ya mafao ya majeraha kazini, ile wanayoiita WIBA. Ukiumia kazini ukashindwa kufanya kazi kwa siku 3 au zaidi, unastahili kulipwa mapato yako, kwa viwango vilivyowekwa, hadi miezi 12. Usichanganye na likizo ya kawaida ya ugonjwa, ambayo kima chake cha chini ni siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu kwa mwaka. Hayo ni mambo mawili.

Wenzetu Tanzania wana utaratibu mwingine. Tangu 2015 waajiri huchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na aliyeumia hulipwa asilimia 70 ya mshahara, hadi miezi 24. Kwao kiwango ni kidogo lakini muda ni mrefu, na mlipaji ni mfuko mmoja. Kwetu, ni mwajiri anayetakiwa kukukatia bima. Asipokata, hapo ndipo vijana wetu huumia mara mbili.

Kwa hivyo fanyeni hivi. Ukiumia, mjulishe mwajiri siku hiyo hiyo, na uwe na shahidi. Weka karatasi zote za hospitali. Mwajiri anatakiwa kupeleka ripoti kwa Mkurugenzi wa usalama kazini ndani ya siku 7. Akinyamaza, nenda mwenyewe ofisi ya leba. Usingoje, kwa maana madai yana muda wa miezi 12. Wala usiseme, "Mimi sina barua ya kazi." Hata makubaliano ya mdomo ni mkataba.

Na nyinyi mlioajiri, hata kama ni fundi mmoja au dada wa kazi: Mtume (S.A.W.) alituhimiza tusimcheleweshee kibarua ujira wake. Je, huyu aliyemwaga damu kwako? Usije ukafunga mchana kutwa, na haki ya mtu iko mfukoni mwako.

Allah atukubalie saumu zetu na awaponye wagonjwa wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq, wassalaam aleikum.