Kazi ya Kukadiria Hasara Shambani

Hotuba ya Katibu wa chama cha msingi, iliyosomwa katika mkutano wa sherehe ya miaka kumi ya Chama Kikuu, Karatu



Wenzangu walionitangulia wamekwisha kusema habari za mbegu, mbolea na bei ya mbaazi. Mimi nimeombwa nieleze kazi ambayo wengi wetu huiona siku ya msiba wa shamba tu: kazi ya mtu anayekuja na kamba na karatasi kupima hasara. Katika bima mtu huyu huitwa mkadiriaji wa hasara, naye hupewa leseni na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Huku kwetu kazi iliyo ndugu yake hufanywa na bwana shamba, ofisa wa wanyamapori na mtendaji wa kijiji. Na katibu wa chama huitwa awe shahidi. Ndivyo nilivyoijua.

Mashamba yetu yamepakana na Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, lililoanzishwa mwaka 1959. Toka Oldeani hata Rhotia na Mbulumbulu, mahali pengi mwisho wa msitu ndio mwanzo wa mahindi. Pale Upper Kitete, kijiji kilichoanzishwa kwa ushirika mwanzoni mwa miaka ya 1960, tembo na nyati wana njia yao ya kushuka Bonde la Ufa kuelekea Selela na Ziwa Manyara. Mkulima hulala ana shamba, akaamka ana mabua.

Sasa nataka kuungama kosa langu mwenyewe. Msimu wangu wa kwanza wa ukatibu, tembo waliingia katika mashamba ya wanachama wetu. Nilikaa ofisini, watu wakaja mmoja mmoja, nami nikaandika kila nililoambiwa: ekari tatu, ekari nne, ekari tano. Sikwenda shambani hata mara moja. Niliona haya kumwuliza mtu mzima, "Je, una hakika?" Karatasi zilipofika kwa wakubwa zilirudishwa zote, maana jumla ya ekari zilizoharibika ilipita ekari zilizolimwa katika kitongoji kile. Wakati tunaanza upya, watu walikuwa wamekwisha kulima tena, na alama zote zimefukiwa. Katika orodha ile alikuwamo mama mmoja mjane aliyepoteza shamba lake lote, naye alikuwa amesema kweli tupu. Hakupata hata senti moja. Kila nionapo kamba ya kupimia, namkumbuka mama yule.

Tangu siku ile nilijifunza kwamba kazi hii ina maswali matatu, wala haiwezi kufanyika mezani.

Swali la kwanza: nani aliyeharibu? Kanuni za serikali zasema juu ya wanyama hatari, kwa hiyo jina la mnyama lina uzito. Tembo huacha nyayo za mviringo, hung'oa shina na mizizi yake, na kukanyaga kuliko alivyokula. Nyati huacha kwato mbili, naye hula majani. Nguruwe pori huangusha bua ili alifikie gunzi. Nyani huja mchana, huvunja gunzi na kulimenya kwa mikono. Na wakati mwingine, ndugu zangu, kwato zile si za nyati, bali ni za ng'ombe wa jirani. Hapo mkadiriaji hana budi kusema alichokiona, ingawa jirani amesimama pale pale.

Swali la pili: ni kiasi gani? Sisi husema ekari ni hatua 70 kwa 70. Lakini ni hatua za nani? Mtu mrefu akipiga hatua ya mita moja, ekari yake ni mita za mraba 4,900. Mtu mfupi mwenye hatua ya sentimita 80 atapata 3,136 tu. Ekari ya kweli ni kama mita za mraba 4,047. Basi shamba lile lile huwa kubwa au dogo kwa sababu ya miguu ya mpimaji! Kwa hiyo twapima kwa kamba ya mita. Kisha twachagua mistari mahali mbalimbali, pabaya na pazuri pia, tukihesabu mita kumi kila mstari. Mahindi yakipandwa kwa nafasi ya sentimita 30, mita kumi zina mashina kama 33. Yakiwa 12 yamelala, hasara ya mstari ule ni zaidi kidogo ya theluthi moja.

Swali la tatu: je, mmea utapona? Hindi changa lenye majani matano bado lina kikonyo chake cha kukulia chini ya udongo. Likiliwa majani tu, aghalabu huchipua tena. Hindi lililokwisha kutoa mbelewele halina la kufanya. Kwa hiyo mahindi yakiwa machanga, mkadiriaji mwema huja mapema kuona nyayo, kisha hurudi baada ya siku saba hata kumi kuona yaliyo hai. Watu humnung'unikia kwamba anachelewesha. Sivyo, anangoja shamba lenyewe liseme.

Alikuwako mzee mmoja, rafiki wa marehemu baba yangu, aliyeniambia shamba lake la ekari nne limekwisha lote. Tulipopima, shamba zima lilikuwa ekari mbili na nusu, na palipoharibika ni ekari moja. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, baba yako angalikuwa hai, asingalikubali unipunguzie shamba langu." Sikuwa na jibu. Nikaandika ekari moja. Siku hiyo hiyo tulikwenda kwa mama aliyesema kwa unyonge kwamba amepoteza robo ekari. Kamba ikaonyesha karibu ekari nzima. Nikaandika ekari nzima kasoro kidogo. Kamba haina mjomba wala shangazi. Mzee yule hakunisalimu miezi mingi, hata siku alipokuja mwenyewe kuniomba nipime shamba lake kabla hajapanda.

Na tusichanganye malipo. Kanuni za mwaka 2011 ziliita malipo ya mazao kifuta jasho, wala si fidia. Ziliweka kiwango kwa ekari kulingana na umbali toka mpaka wa hifadhi, zikaishia kwenye ekari tano, na shamba lililo ndani ya mita 500 za mpaka halikupewa kitu. Jambo hili ni chungu kwa wenzetu wa ukingoni, na yafaa Chama Kikuu kiendelee kulisema kwa adabu mahali panapohusika. Lakini halitatengenezwa kwa kuandika mita 600 mahali pa mita 400.

Bima ni kitu kingine; hiyo ni mapatano uliyoyalipia, na ukitimiza masharti yake ni haki yako. Ila soma kabla ya kutia sahihi. Iko bima ya mazao inayotazama mvua au wastani wa mavuno ya eneo zima. Hiyo yafaa mwaka wa ukame. Lakini tembo aliyeingia shamba lako peke yako hawezi kuushusha wastani wa eneo zima, nawe hutalipwa.

Basi naleta maombi matatu. Kwanza, kila mwanachama apimiwe shamba lake wakati wa kupanda, na kipimo kiandikwe katika daftari la chama. Mali bila daftari hupotea bila habari. Pili, hasara ikitokea, itolewe taarifa siku ile ile, na asilime mtu wala kufyeka kabla ya kupimwa. Tatu, kila chama cha msingi kichague wapimaji wawili, nao wasipime kamwe shamba la ndugu yao. Na kwa wenzetu wa mita 500 za kwanza, naomba mkutano huu ufikirie mfuko wetu wenyewe, japo wa kuanzia debe moja la mahindi kwa mwanachama. Wao ndio ukuta wetu. Tembo wakishiba kwao, hawafiki kwetu.

Ndugu wanachama, katika miaka kumi tumejifunza kuamini mizani ya ghala letu, kwa sababu humpimia tajiri na maskini sawasawa. Nawaombeni mwamini na kamba vivyo hivyo, hata siku itakapokupunguzia wewe.

Ushirika udumu.