Majani Sita ya Muhogo: Shule, Mashine na Kazi mjini Bukavu

Suala la kumwandaa mwanafunzi kwa ajili ya kazi si geni mjini Bukavu, lakini limepata uzito mpya kwa sababu zana za kazi zinabadilika upesi kuliko madaftari ya darasani. Tangu programu ya ChatGPT ilipotolewa kwa umma mwezi Novemba 2022, akili bandia, yaani uwezo wa kompyuta kujifunza kutokana na mifano mingi na kisha kuandika, kujibu au kutambua picha, imeingia katika simu za vijana wa Muhumba, Kadutu na Bagira. Chombo hicho kimekwisha kufika, na kinachosubiri kuamuliwa ni aina ya mfanyakazi ambaye shule za mji huu zitamtoa.

Mabadiliko ya kazi yanaonekana waziwazi. Karibu na vyuo viko vibanda viitwavyo sekretaria publiki, ambamo vijana wanaojua kupiga chapa hujipatia riziki kwa kuandika, kunakili na kujalidi kazi za wanafunzi, na sasa sehemu ya kazi hiyo hufanywa kwa simu kwa dakika chache. Mwezi Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, benki zilifunga milango na biashara ikazidi kuegemea pesa za simu, hivi kwamba kijana aliyesomea uhasibu akitarajia kukaa nyuma ya dirisha la benki alijikuta akihitaji ujuzi mwingine, kama vile kutambua ujumbe wa matapeli na kulinganisha hesabu za daftari na zile za simu. Kwa upana wa dunia, ripoti ya Jukwaa la Uchumi Duniani ya Januari 2025 ilikadiria kwamba kufikia mwaka 2030 ajira milioni 92 zitatoweka na nyingine mpya milioni 170 zitazaliwa, huku karibu asilimia 39 ya stadi za msingi za wafanyakazi zikibadilika.

Mbele ya mabadiliko hayo, shule bado inapima kumbukumbu. Mtihani wa Taifa, ambao wengi huuita Exetat, ndio mlango wa kutokea sekondari, na kwa sehemu kubwa humtaka mwanafunzi achague jibu moja kati ya majibu aliyopangiwa. Kukumbuka na kuchagua ni ustadi wa kuheshimiwa, lakini ndio ambao mashine huutekeleza kwa wepesi zaidi, na mwanafunzi aliyeandaliwa kwa huo peke yake anapelekwa kushindana na mashine mahali pale pale ilipo na nguvu.

Mfano ulio wazi zaidi wa mahali ambapo mtu bado anahitajika kando ya mashine unatoka shambani, katika muhogo unaoleta bugali na sombe mezani. Iko programu ya simu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani kwa kushirikiana na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, ambayo ina kituo Kalambo, hapa Kivu Kusini. Nuru hufanya kazi bila intaneti na hujua Kiswahili: mkulima huelekeza kamera kwenye jani, nayo humwambia kama inaona dalili za magonjwa ya batobato au michirizi ya kahawia, au madhara ya utitiri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa Nuru ilitambua dalili kwa usahihi wa asilimia 65, ilhali maafisa wa ugani, yaani wataalamu wanaowashauri wakulima, walipata kati ya 40 na 58, na wakulima wenyewe kati ya 18 na 31. Hata hivyo, ilipoonyeshwa majani sita ya mmea mmoja, usahihi wa Nuru ulipanda hadi kati ya asilimia 74 na 88.

Katika majani hayo sita limo somo zima la elimu ya leo. Mashine iliwashinda watu, lakini ilihitaji mtu ajuaye kwamba jani moja halitoshi, na ajuaye pia mahali pa kutazama, kwa kuwa batobato hujionyesha zaidi kwenye majani machanga ya juu, ilhali michirizi ya kahawia hujitokeza kwenye majani makubwa ya chini. Zaidi ya hayo, ugonjwa wa michirizi ya kahawia unaweza kuozesha muhogo ardhini huku majani yakionekana mazima, na kamera inayotazama jani haiwezi kuuona uozo huo mpaka mtu achimbe, akate na kukagua kwa macho yake. Mwanafunzi wa kilimo katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu au katika Chuo Kikuu cha Kiinjili Afrika anayejua kufungua programu tu hana thamani kubwa kwa mkulima wa Kabare au Walungu, lakini yule anayejua lini aiamini programu, lini aitilie shaka na lini ashike jembe ndiye mtaalamu.

Hoja hiyo inahusu kila fani, kwa maana mwuguzi, mhasibu, fundi umeme na mwalimu watakutana na majibu ya mashine yaliyopangwa vizuri ambayo huenda yana kosa ndani yake. Ni kweli kwamba vikwazo ni vizito, kwani mji unaopakana na mabwawa ya Ruzizi bado unaishi na delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, na bei ya intaneti huwaelemea wazazi wengi. Vikwazo hivyo visiwe sababu ya kungoja, kwa sababu kinachohitajika kwanza, yaani tabia ya kuuliza na kuhakikisha, hakipitii kwenye waya wa umeme.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Basi walimu wa Bukavu wanaombwa waanze na jambo dogo: katika kila mtihani wa darasani waweke jibu moja lililotolewa na mashine, liandikwe ubaoni kwa chaki, na mwanafunzi atakiwe kuonyesha lilipo sahihi, lilipokosea, na jinsi alivyohakikisha. Wakuu wa vyuo nao waipe staji, yaani mafunzo ya kazini, alama zinazolingana na uzito wake, na wazazi wamuulize mtoto amejuaje, kabla ya kumuuliza amepata alama ngapi. Kazi itabaki kwa yule anayejua kuchuma jani la sita.