Anayekutana na Simba Njiani Aulizwe

(Mazungumzo yetu na vikundi vya akina mama, Mowlem, Nairobi)

Wengine wenu mmetuuliza: sisi wa Mowlem na simba, wapi na wapi? Hapa tumezoea marabou wa jaa la Dandora tu. Lakini wengi wetu tuna shamba au mzazi nyumbani, na wako waliotoka kule ambako tembo akiingia usiku, mahindi yanaisha kabla ya asubuhi. Basi neno hili ni letu pia.

Tuangalie Samburu. Shirika la Ewaso Lions lilianza kazi huko 2007, na mwaka 2010 likawachukua morani wasaidie kulinda simba. Vizuri. Lakini nani hukutana na simba? Ni mama anayekwenda mtoni na kutafuta kuni porini, ambaye kwenye kikao cha wazee hata haitwi. Mwaka 2013 akina mama wenyewe wakasema: nasi tunataka kazi hii, na tunataka kufundishwa kusoma na kuandika. Kikundi chao ndicho Mama Simba. Hawakungoja kuitwa waimbie wageni.

Huko huko Samburu kuna Reteti, kituo cha jamii cha kulea tembo yatima kilichofunguliwa 2016. Walikuwa wakitumia maziwa ya kopo, ghali, ya kutoka ng'ambo. Wakajaribu ya mbuzi, na tembo wakakua. Sasa maziwa yananunuliwa kwa akina mama. Kwa Wasamburu maziwa ni mali ya mama, kwa hivyo pesa inaingia mkononi mwake. Hapo hata mume anaanza kumwona tembo kwa jicho lingine, si ndio?

Turudi kwenye kusoma. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 iliweka fidia: mtu akiuawa na mnyama, shilingi milioni 5, akipata kilema cha kudumu, milioni 3. Mimea na mifugo nayo hulipwa kwa bei ya soko, ila ukionekana hukujitahidi kulinda mali yako, hupati. Madai hupelekwa kwa kamati ya kaunti, kwa maandishi. Malipo huchelewa sana, hilo mnalijua. Lakini mjane ambaye hajui kwamba kuna fomu hata hayumo kwenye foleni. Anapewa pole, basi.

Kwa hivyo mkienda nyumbani, ulizeni kikundi cha huko kama kina daftari. Tarehe, saa, mnyama gani, mistari mingapi ya mahindi, ua lilikuwa wapi. Mwenye simu apige picha kabla shamba halijaguswa. Habari ifike ofisi ya KWS upesi, na afisa wa kilimo aitwe apime hasara. Kama pana hifadhi ya jamii, ulizeni pia ni akina mama wangapi wanaokaa kwenye kamati yake, na nani anaweka sahihi benki.

Anayejua kuandika vizuri hapa, nyoosha mkono. Tutaanza na nakala za fomu Jumamosi.