Siku ya Matokeo, Mzazi Atasema Nini?

(Mazungumzo ya mwalimu mstaafu na vikundi vya kujisaidia, katika semina ya wazazi iliyofanyika kanisani.)

Nimeombwa niongee juu ya mitihani ya watoto wetu. Nilifundisha shule ya msingi miaka mingi, na mara nyingi nilipewa darasa la nane. Kwa hivyo nikimkosoa mzazi leo, jueni nimeanza kujikosoa mwenyewe.

Acheni nianze na kisa kimoja. Siku za KCPE nilikuwa na msichana darasani ambaye alimaliza darasa la saba na alama 231 kwa 500. Baba yake akamwahidi baiskeli akifikisha 400. Msichana alijikaza. Alikuwa anaosha vyombo kwanza, halafu anasoma na koroboi mpaka mafuta yaishe. Matokeo yalipotoka alikuwa na 287.

Sasa hesabuni nami. Alipanda alama 56 kwa mwaka mmoja. Mimi mwalimu wake ningempigia makofi, lakini sikupiga. Nilikuwa nahesabu waliopita 400 ili shule yetu isifiwe. Baba naye aliitazama karatasi, akaiweka mezani, akatoka nje bila kusema neno.

Jioni mtoto hakuonekana. Alipatikana usiku kwa nyanya yake, amejificha ndani ya ghala la mahindi, hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Tulimshukuru Mungu, maana sote tunajua kuna nyumba zilizotafuta mtoto siku kama hiyo zikampata amechelewa.

Mwaka uliofuata alipelekwa shule nyingine akarudie darasa la nane. Alipata 291. Mzee huyo ni rafiki yangu, na amenipa ruhusa niseme haya bila kumtaja jina. Huniambia, "Mwalimu, nilimnyang'anya mtoto mwaka mzima kwa ajili ya alama nne."

VITI NI VICHACHE

Wazazi wengi hufikiri kwamba mtoto asipoitwa shule kubwa, basi alikuwa anacheza. Tuangalie hesabu. KCPE ilianza mwaka 1985 ikaisha mwaka 2023. Mwaka huo wa mwisho watahiniwa walikuwa zaidi ya milioni 1.4. Shule za kitaifa nchini nzima zilikuwa zaidi ya 100 kidogo. Tuseme kila shule ilichukua watoto 400. Hao ni zaidi ya 40,000 kidogo. Yaani katika kila watoto 100, walioweza kupata nafasi ni kama watatu tu.

Hata kama watoto wote wa Kenya wangesoma usiku na mchana, na wote wapite vizuri, bado 97 katika kila 100 wangebaki nje. Matatu ya viti 14 ikifika stejini na watu 100 wanangoja, je, wale 86 wanaobaki ni wavivu? Hapana. Viti ndivyo vimeisha.

Mtihani wa kuchagua kazi yake ni kupanga nani aende wapi. Mzazi anayemwambia mtoto, "Usipoitwa shule ya kitaifa usirudi hapa," anadai kitu ambacho mtoto hana mkononi mwake. Kilicho mkononi mwa mtoto ni bidii. Hiyo tunaweza kumdai.

WATUMISHI WATATU

Mnakumbuka ule mfano wa talanta katika Mathayo sura ya 25. Mmoja alipewa tano, wa pili mbili, wa tatu moja. Wa tano alileta kumi. Wa mbili alileta nne. Someni tena mkifika nyumbani, mtaona jambo ambalo wengi tunalipita. Bwana wao aliwapongeza wote wawili kwa maneno yale yale. Yule wa nne hakuulizwa kwa nini hakuleta kumi kama mwenzake.

Na yule wa tatu je? Yeye mwenyewe alisema kwa nini alizika talanta yake. Aliogopa. Mimi nimeona hofu hiyo darasani. Mtoto anajua jibu lakini hanyanyui mkono, maana akikosea atachekwa. Mwingine anaficha ripoti chini ya godoro. Mwingine anaanza kuumwa na tumbo kila asubuhi ya mtihani. Sisi tunadhani tunamtia bidii, kumbe tunamfundisha kuchimba shimo.

Najua mtaniambia, "Mwalimu, samaki mkunje angali mbichi." Ni kweli. Mtoto asiyefuatiliwa hupotea. Lakini kumkunja samaki si kumvunja. Sheria yenyewe inasema hivyo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kumpiga mwanafunzi na kumtesa kwa maneno, inakataza kumrudisha darasa, na inakataza tuisheni wakati wa likizo.

MTIHANI UMEBADILIKA, SISI JE?

Siku hizi hakuna tena alama 500. Watoto wa kwanza wa Gredi ya 9 walifanya mtihani wa KJSEA mwaka 2025, wakaingia Gredi ya 10 Januari 2026. Ninyi mlio na watoto wadogo, shikeni mambo mawili.

La kwanza, hesabu haitoki siku moja. Mtihani wa KPSEA wa Gredi ya 6 unachukua asilimia 20. Tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 zinachukua asilimia 20 nyingine. KJSEA yenyewe ni asilimia 60. Kwa hivyo mzazi asiyeuliza kitu mpaka Gredi ya 9, halafu anaanza kupiga kelele, amechelewa miaka mitatu.

La pili, mwanafunzi wa Gredi ya 10 huingia katika njia moja kati ya tatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Tayari nasikia mzazi akisema, "Wangu ni daktari tu, hizo zingine ni za walioshindwa." Jamani, tusirudie kosa la zamani. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa ripoti iliyouliza watoto wanaomaliza shule ya msingi wataenda wapi. Kutokana na mawazo hayo zikaanza politekniki za vijijini, kijana ajifunze useremala, ushonaji, uashi. Lilikuwa jambo jema. Lakini sisi wazazi tulizifanya jaa la kutupa walioanguka. Tulimwambia mtoto, "Usiposoma utaenda kupiga randa." Leo fundi mzuri wa mbao tunamtafuta mpaka soko la tatu.

Tena angalieni maneno yenyewe ya tathmini hizi mpya: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, mbali na matarajio. Hayo ni matarajio ya mtaala. Hayasemi kama mtoto huyu amefikia matarajio ya nyumba yake. Hayo ya nyumbani tunayaweka sisi, na ni lazima tuyapime na mtoto tuliye naye, si na mtoto wa jirani.

MTIHANI WETU SISI WAZAZI

Sasa nigeuze ukurasa. Nimeona mtoto akifanya vile alivyoambiwa. Akafaulu, akaitwa shule kubwa, barua ikasomwa hata kanisani. Halafu Januari akabaki nyumbani. Kwa nini? Hakuna karo. Hakuna sanduku, hakuna godoro. Baba anakimbia huku na huku na karatasi ya harambee. Mtoto alipita mtihani wake. Sisi tulianguka wetu.

Mwaka 2023 karo ya shule za kitaifa za bweni ilirudishwa kuwa shilingi 53,554 kwa mwaka. Gawanya kwa wiki 52, ni zaidi ya shilingi 1,000 kila wiki kwa mtoto mmoja, bila sare na nauli. Katika shule ya kutwa, serikali hulipia masomo, lakini chakula cha mchana na sare bado ni juu yetu.

Hapa ndipo kikundi kina nguvu. Wanachama 20, kila mmoja akiweka shilingi 50 kwa wiki, mwisho wa mwaka ni shilingi 52,000. Haifiki hata karo hiyo ya mtoto mmoja wa bweni katika shule ya kitaifa, lakini inanunua sanduku, godoro na sare za watoto kadhaa, na hakuna anayeuza ng'ombe kwa bei ya hasara mwezi wa Januari. Anzeni mtoto akiwa Gredi ya 6. Na mkubaliane tangu mwanzo kwamba pesa hizo ni za kila mtoto anayeendelea na masomo: wa bweni, wa kutwa na wa chuo cha ufundi. Kikundi kikimsaidia aliyeitwa shule kubwa peke yake, nacho kimezika talanta za wengine.

TUFANYE NINI?

1. Kabla ya mtihani, baba na mama wakae na mtoto wamwambie mpango wote. "Ukiitwa bweni, tuna kiasi hiki. Ukiitwa kutwa, utaenda hivi. Njia yoyote utakayopata, wewe ni wetu na utaendelea." Mtoto anayejua kwamba mlango wa nyumbani haufungwi huandika bila kutetemeka.

2. Mpime na yeye mwenyewe. Weka ripoti ya muhula uliopita kando ya hii. Amepanda wapi? Ameteleza wapi? Halafu nenda shuleni umwone mwalimu, si siku ya mkutano peke yake.

3. Mpe nafasi ya kusoma. Hatuwezi kumtuma maji, kuni na mbuzi mpaka saa mbili usiku, kisha tukamuuliza kwa nini hakufaulu. Wasichana hasa ndio huumia hapa.

4. Siku ya matokeo, neno la kwanza liwe la shukrani. "Pole kwa kazi, umejitahidi. Njoo ule." Mambo ya shule yatangoja mpaka kesho. Kama moyo wako umekasirika, nenda ukakate majani ya ng'ombe kwanza, urudi umetulia.

5. Mtoto akikataa kula, akijitenga, au akisema maneno kama "afadhali nisingezaliwa", usimwache peke yake na usimcheke. Ita mtu anayempenda, mwone mhudumu wa afya au mchungaji. Kuna pia nambari ya watoto, 116, ambayo hupigwa bure.

Wapendwa, yule msichana wa 287 ni mama wa watoto sasa. Nilimuuliza siku moja kama bado anakumbuka mtihani. Aliniambia maswali aliyasahau yote. Anachokumbuka ni mgongo wa baba yake akitoka mlangoni. Baba aliishamwomba msamaha, na wamepatana. Lakini aliniambia amejiwekea sharti moja: watoto wake wakileta ripoti, yeye huvuta kiti na kukaa.

Nasi tukae. Mungu awabariki.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Mwaka uliopita tulisema nini nyumbani siku ya matokeo? Mtoto alijibu nini?

2. Katika kijiji chetu, ni watoto wangapi waliopata nafasi lakini hawakuenda? Walizuiwa na nini?

3. Tunaweza kuweka kiasi gani kila wiki, na nani ataandika hesabu?

4. Kila mmoja ataje jambo moja jema analofanya mtoto wake ambalo haliandikwi kwenye ripoti. Tukifika nyumbani, tumwambie.