Stesheni ya Mazeras na Watu Wake

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa Kilifi na Malindi)



Tumeombwa tuseme habari za stesheni ya Mazeras. Huenda mtu wa Malindi akauliza, "Yatuhusu nini? Kwetu reli haikufika." Ni kweli. Reli haikufika Malindi wala Kilifi mjini. Ilipita upande wa bara tu, Mazeras na Mariakani. Lakini tusikilizane, maana mambo ya Mazeras ni ya kila mtu alaye kwa jasho lake.

Reli ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896. Ilivuka Makupa, ikapita Changamwe na Miritini, kisha ikakutana na vilima vya Rabai. Huo ndio mlima wake wa kwanza. Gari la moshi halipandi popote kama mbuzi. Mwinuko ukiwa mkali, magurudumu huteleza juu ya chuma. Basi njia ikabidi ijipinde na kupanda polepole mpaka Mazeras, kama futi 500 juu ya bahari. Mbele yake ni nyika ya Taru isiyo na maji, na stesheni moja ya huko yaitwa Maji ya Chumvi. Siku za kutandika reli, maji ya kunywa ya wafanya kazi yalipelekwa nyikani kwa treni.

Ni nani waliofanya kazi hiyo? Watu karibu 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa mkataba. Karibu 2,500 walikufa kabla reli haijakwisha. Waafrika wa pwani na wa bara walikata msitu, wakachimba udongo, wakabeba mizigo. Reli ilifika Ziwa Victoria mwezi wa Desemba 1901. Majina ya mainjinia yamo vitabuni. Majina ya waliobeba mataruma mabegani hayamo.

Tena kazi haikwisha siku reli ilipokwisha. Njia ilikuwa moja, na treni mbili haziwezi kupishana ila stesheni. Kwa hiyo stesheni masta, na yule mtu wa kugeuza reli, walishika roho za abiria mikononi mwao usiku na mchana. Genge la njia nalo lilitembea juani na mvuani, likikaza vyuma na kusindilia kokoto chini ya mataruma, ili msafiri alale usingizi mpaka Nairobi. Na palipo na treni pana biashara: madafu, machungwa, ndizi na mahamri.

Tukumbuke pia tarehe 13 Januari 1947. Siku hiyo wafanya kazi wa Mombasa, wa bandarini, wa reli na wa kazi nyingine, kama 15,000, waligoma kwa sababu mshahara haukutosha chakula wala kodi ya nyumba. Walikutana Kiwanja cha Maskini, wakakaa imara siku 12. Baadaye baraza la kusuluhisha likaongeza mishahara kwa kiasi fulani. Ndipo ilipojulikana kwamba makaa ya mawe peke yake hayaendeshi treni.

Miaka ikapita. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilivunjika mwaka 1977, Kenya ikawa na shirika lake. Mwaka 2006 kazi ya kuendesha treni ilikodishwa kwa kampuni, na wafanya kazi wengi wakapunguzwa. Mwaka 2017 treni ya abiria ya njia ya zamani ikaachwa, reli mpya ikafunguliwa. Reli mpya hupita karibu na Mazeras, lakini katika Kilifi abiria hupandia Mariakani.

Ndugu, hatusemi reli mpya ni mbaya. Hata sisi wa Kilifi tulivuka kwa feri mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 1991, na hakuna atakayetaka kurudi kwenye foleni ile. Lakini penye feri pana mabaharia wake, na penye foleni pana wauza korosho. Kila mara utepe ukikatwa, husifiwa chuma na saruji. Mtu ambaye kazi yake imekwisha siku hiyo hatajwi. Wazee walisema fadhila ya punda ni mateke.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu. Kwanza, kila tawi lichague watu wawili wakae na wazee waliofanya kazi ya reli, wayaandike maneno yao na majina ya wenzao, kabla hatujawazika pamoja na habari zao. Pili, ikitangazwa kazi mpya yoyote, chama kiulize mapema, si siku ya sherehe: Ni kazi ngapi za zamani zitakwisha? Watu hao watapewa kazi gani au malipo gani? Na jibu liwe kwa maandishi. Tatu, kila mwanachama aweke vizuri barua yake ya kuajiriwa na karatasi za mshahara. Siku ya kudai haki, mtu asiye na karatasi hutumwa leo aje kesho, na kesho aje keshokutwa.

Njia ya Mazeras ilijengwa na watu ambao hatuwezi kuwataja. Tusikubali na sisi tusahauliwe vivyo hivyo.

Umoja ni nguvu.