Kabla ya Kununua Ploti, Nyumba au Fleti: Maswali ya Wakazi na Majibu Yake



Anayenunua ploti mara nyingi hutoa akiba ya miaka mingi: pesa za chama, mkopo wa sacco, kiinua mgongo cha baba, au pesa zilizotumwa na mtoto anayefanya kazi Ghuba. Pesa hizo zikishapotea, kuzirudisha ni kazi ya miaka mingine. Kwa hivyo neno la kwanza la kushika ni hili: karatasi anayoonyesha muuzaji ni mwanzo wa uchunguzi, si mwisho wake.

Je, hatimiliki pekee yatosha?

Haitoshi, na mfano uko hapa hapa Nyali. Mwaka 1989 kiwanja cha ufuoni kiligawiwa mtu binafsi, ilhali kilikuwa kimetengwa kiwe eneo wazi na njia ya umma ya kwenda baharini. Baadaye kiliuzwa mpaka kikafikia kampuni ya Dina Management, ambayo ilikuwa na hati iliyosajiliwa. Mwaka 2017 Serikali ya Kaunti ilibomoa ukuta uliofunga njia hiyo, na kampuni ikaenda mahakamani. Tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi: kwa kuwa ugavi wa kwanza haukufuata sheria, hati iliyotokana nao haingeweza kulindwa, hata kama mnunuzi wa mwisho alisema hakujua.

Funzo lake ni kwamba mnunuzi hana budi kuuliza maswali mawili. Ardhi hii ni ya nani leo? Na mwenye kuimiliki wa kwanza aliipataje? Swali la kwanza hujibiwa na upekuzi rasmi katika sajili ya ardhi, ambao huonyesha jina la mmiliki, ukubwa wa ploti, na kama kuna mkopo wa benki au zuio juu yake. Swali la pili huhitaji wakili afuate historia ya ploti tangu mwanzo. Pia ni busara kuuliza katika idara ya mipango ya miji kama mahali hapo pametengewa barabara, shule, makaburi au uwanja.

Na mwenye barua ya kugawiwa ardhi?

Barua hiyo si hatimiliki. Mahakama ya Juu ilisema hivyo Septemba 2023 katika kesi ya kampuni ya Torino iliyohusu ardhi ya Embakasi, Nairobi. Aliyepewa barua lazima atimize masharti yake, alipe ada, kisha ardhi isajiliwe kwa jina lake. Kabla ya hapo, hana umiliki wa kumuuzia mwingine.

Nyumba bila ardhi je?

Hili ni jambo la Pwani, na wageni wengi hawalijui. Kuanzia Majengo hadi Kisauni na Likoni, mtu aweza kuwa na nyumba juu ya kiwanja cha mtu mwingine, akalipa kodi ya kiwanja. Nyumba ya aina hiyo ikiuzwa, kinachouzwa ni jengo tu. Mnunuzi asipokutana na mwenye ardhi, akaona makubaliano kwa maandishi na kujua kama kuna madeni ya kodi, aweza kujikuta amenunua mawe na mabati, na siku moja akaambiwa ahame. Shahidi wa mzee wa mtaa ni mzuri, lakini hachukui nafasi ya sajili.

Na fleti ambayo bado yajengwa?

Sheria ya mwaka 2020 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo inamwezesha mwenye fleti kupata hati yake mwenyewe, pamoja na fungu lake katika maeneo ya pamoja kama ngazi na maegesho. Kabla ya kulipa, mnunuzi aulize: ardhi ni ya mjenzi kweli? Imewekwa rehani benki? Kama ndiyo, benki imekubali kwa maandishi kuachilia fleti hiyo ikishalipwa? Ramani za jengo zimeidhinishwa na Kaunti? Picha za kupendeza na bei ya ofa hazijibu hata moja kati ya maswali haya.

Nani hutoa hati, na nani hupokea malipo?

Hapa wengi huchanganyikiwa. Usajili wa ardhi na utoaji wa hatimiliki ni kazi ya Serikali ya Kitaifa. Kaunti hushughulikia mipango ya miji, idhini za ujenzi, na kodi ya ardhi iitwayo reti. Muuzaji anapaswa kuleta cheti kwamba hana deni la reti. Kwa ardhi ya ukodishaji, kuna pia kodi ya ardhi inayolipwa Serikali ya Kitaifa.

Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu wa asilimia 4 mjini, na asilimia 2 mashambani. Kwa ploti ya mjini yenye thamani ya shilingi milioni 3, hiyo ni shilingi 120,000, mbali na ada ya wakili. Kodi ya asilimia 15 ya faida ni ya muuzaji. Na mwenye kununua shamba la kilimo Kilifi au Kwale akumbuke kwamba idhini ya bodi ya ardhi inapaswa kuombwa ndani ya miezi sita tangu mkataba. Bila idhini hiyo, mkataba hauna nguvu.

Mume akiuza peke yake?

Mali ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mume na mke. Mnunuzi asione haya kumuuliza muuzaji kuhusu jambo hili. Aone ridhaa imeandikwa na kutiwa saini.

Na aliyekwisha kulipa, sasa ana shaka?

Asitoe hata shilingi nyingine. Akusanye mkataba, risiti na jumbe zote za simu, aende kwa wakili, aombe zuio liwekwe katika sajili, na apige ripoti polisi kama ameona dalili za ulaghai. Kadiri anavyochelewa, ndivyo ploti inavyoweza kuuzwa kwa mwingine.

Dalali anaposema kuna wanunuzi watatu wanaongoja na malipo yatumwe kwa simu yake leo, jibu jema ni moja: malipo yatapitia kwa wakili, baada ya upekuzi. Muuzaji wa kweli atangoja wiki mbili. Asiyeweza kungoja amekwisha kujibu swali lililobaki.