Siri Iliyojificha Ndani ya Hati: Mazungumzo na Wasaidizi wa Kisheria, Kata ya Saza



Nazungumzia jambo linaloonekana dogo, lakini laweza kumpotezea mtu haki yake.

Hati iliyoandikwa kwa kompyuta hubeba zaidi ya yanayoonekana. Ndani yake hubaki jina la mwandishi, tarehe za marekebisho, na wakati mwingine maneno yaliyofutwa pamoja na maoni ya pembeni. Tuchukue mfano. Mchimbaji mdogo wa hapa Saza anaandaliwa rasimu ya mkataba wa ubia. Anayemsaidia anaandika pembeni: "Anataka asilimia 40, lakini hata 25 atakubali." Kisha anayaficha maoni hayo bila kuyafuta, na kuituma rasimu kwa upande wa pili. Wakiyafunua, mapatano yamekwisha kabla hayajaanza.

Hata mawakili wazoefu wamejikwaa hapa. Januari 2019, nchini Marekani, mawakili wa Paul Manafort waliwasilisha mahakamani hati yenye sehemu zilizofunikwa kwa rangi nyeusi. Wasomaji walizinakili sehemu hizo, wakazibandika kwingine, na maneno yakasomeka.

Kwetu, Sheria ya Ushahidi humzuia wakili kufichua aliyoelezwa na mteja wake bila ridhaa. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 humtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Siri ikishatoka, kusema "sikujua" hakuirudishi.

Basi, kabla ya kutuma hati, zingatieni mambo matatu. Kwanza, ihifadhini hati asilia bila kuigusa, kwani yaweza kuhitajika kuwa ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 huielekeza mahakama kupima namna kumbukumbu ilivyoandaliwa na kutunzwa. Pili, tengenezeni nakala, muisafishe kwa kutumia sehemu ya kukagua hati iliyomo katika programu ya Word. Tatu, maneno ya siri yafuteni kabisa katika nakala hiyo. Kuyafunika kwa rangi hakutoshi.

Nanyi wananchi, msione haya kumuuliza anayewaandikia: "Je, umeikagua kabla ya kuituma?" Swali hilo halimvunjii mtu heshima; linailinda haki yenu.